Mgeni Haulizwi Kabla Hajala

Nilichelewa maziko ya Sechelela, kama nilivyochelewa mambo mengi ya nyumba ile. Gari nililolikodi Mkonze lilipata pancha katikati ya pori, dereva akakuta tairi la akiba nalo halina upepo, na tulipofika Gulwe watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka kaburini. Wanaume walikuwa wameketi chini ya turubai wakizungumza habari za treni ya umeme na bei ya alizeti. Kina mama walikuwa wanasugua masufuria kwa mchanga. Hakuna aliyenijua. Wote ambao wangenijua wamelala kule nyuma ya kanisa, na huyo wa mwisho alikuwa ameshawekwa nao mchana ule ule. Msichana mmoja aliyejifunga kanga mbili aliniona nimesimama kama nguzo, akanisalimu shikamoo, akanivutia kiti cha plastiki kivulini. Akaniletea maji ya kunawa. Kisha akarudi na sahani, akaniomba radhi kwamba wali wa wageni umekwisha, kilichobaki ni ugali wa uwele na mlenda uliopikwa kwa ajili ya wazee. Hakuniuliza jina langu. Hakuniuliza ninatoka wapi wala marehemu ni nani kwangu. Aliiweka sahani mapajani pangu, akaenda zake.

Nilimega tonge la kwanza, nikalichovya. Watu wa mji huudharau mlenda kwa sababu ya utelezi wake, lakini mimi nikiula hufunga macho, na nikifunga macho huwa niko ndani ya tembe la Mama Daudi, moshi unapanda taratibu na kupotelea kwenye boriti nyeusi, na nje mbuzi wanakohoa kama wazee. Habari za wazazi wangu na za utoto wangu sitazieleza hapa. Hazina tofauti na za watu wengine wa umri wangu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa katika nyumba ile, kwa kuwa miaka iliyofuata yote naiona kama imetoka ndani yake.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne. Nilikuwa nasubiri nafasi ya chuo, na kanisa likanipeleka Gulwe kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, na siku za Jumapili nisaidie kusoma masomo na kutoa neno pale mchungaji anapokuwa katika mitaa mingine. Nilipangiwa kukaa kwa Mama Daudi, mjane, nyumba yake ikiwa umbali wa kusikia filimbi ya stesheni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, akikitumia kwa uangalifu kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake. Akichoka alirudi Kigogo. Aliishi na binti yake, Sechelela, aliyenipita mimi kwa akili na kwa ulimi, ingawa shule aliiacha mapema. Siku ya kwanza nilipoingia nikagonga paji la uso kwenye mlango, maana milango ya tembe ni mifupi, na Sechelela akaniambia kwa upole kabisa kwamba mlango ule umewafundisha heshima watu wengi kabla yangu, na kwamba vitabu havisaidii. Tangu hapo akawa ananiita Mwalimu Paji.

Lile tembe lilikuwa refu, la udongo mtupu, paa lake bapa limefunikwa udongo pia, na wakati wa masika majani yaliota juu yake hata mbuzi wakathubutu kupanda. Chumba changu kilikuwa mwishoni. Katikati kulikuwa na chumba cha vihenge vya nafaka, vimesimama gizani vimeviringana kama wanawake wajawazito wanaongoja, na ukipita pale ulisikia harufu ya uwele, ya majivu na ya panya. Ukuta uliokuwa kati yangu na jiko haukufika juu. Nilisikia kila kitu. Asubuhi na mapema, kabla sijajua kama nimeamka au bado naota, nilisikia jiwe likisaga, na Mama Daudi akinong'ona. Mwanzoni nilidhani anaongea na binti yake. Baadaye niligundua anaomba, na maombi yake yalikuwa kama maongezi ya watu wawili waliozoeana: alimweleza Mungu habari za kuku, habari za goti lake, kisha sauti ilishuka, na pale iliposhuka nilisikia siku zote jina moja, Daudi.

Daudi alikuwa mwanawe wa kwanza. Alipanda treni kwenda mashamba ya mkonge upande wa Kilosa, kijana mwenye nguvu, akaahidi kumletea mama yake cherehani. Hakurudi. Hakujua kuandika, na salamu zilizoletwa na wasafiri zilizidi kupungua, hata zikakoma. Kila treni ya kutoka chini, yaani upande wa Kilosa, iliposimama stesheni, Mama Daudi aliacha alichokuwa anafanya. Hakwenda kutazama. Alisimama tu, mikono imelowa au ina unga, akasikiliza mpaka mabehewa yameondoka, kisha akaendelea.

Na kila jioni, kabla sisi hatujapakuliwa, alimega sehemu ya ugali akaiweka kwenye bakuli la mbao, akatia mboga pembeni, akafunika kwa ungo na kuweka karibu na mlango, penye kigoda kidogo ambacho sisi wenyeji hatukukikalia. Hilo lilikuwa fungu la mgeni. Asipotokea, liliamkia kuwa kifungua kinywa chetu, lakini kutotokea kulikuwa nadra, kwa vile nyumba ilikuwa karibu na reli na wasafiri hawakuisha: mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe, mwanamke aliyekwenda kumwona mgonjwa Mpwapwa, mganga mwenye mkoba wa ngozi wa mbuzi, aliyekula huku akitazama msalaba wa ukutani kwa wasiwasi. Wote walipewa maji ya kunawa, wakapewa kigoda, wakala. Baada ya kula ndipo Mama Daudi aliketi mbele yao, akapangusa mikono kwa kaniki, akauliza, "Haya, mgeni wetu, unatoka wapi?" Kabla ya hapo hakuuliza neno. Aliniambia mgeni haulizwi kabla hajala, kwa sababu ukiuliza kwanza utaanza kuchagua, na ukianza kuchagua, mwenye njaa atajua. Huko kwao kumuuliza mtu safari yake akiwa mlangoni, koo kavu, ni sawa na kumwambia apite.

Mimi niliyesoma niliona neno hilo lina uzuri lakini halina tahadhari. Jioni moja nikamuuliza kama anaamini kweli kwamba Bwana anaweza kuingia mlango ule, akiwa amevaa mashati ya watu wale. Alikuwa anachambua karanga. Akasema hajui Bwana atakuja amevaa nini, ndiyo sababu yeye hatazami nguo, anatazama miguu; ikiwa na vumbi, basi mtu ametembea.

"Na kama si Yeye?" nikasema.

"Basi ni mtu mwenye njaa," akajibu. "Kwani huyo naye hatoshi?"

Sechelela akacheka kule gizani. Mama yake akaongeza, kwa sauti ile ya kushuka, kwamba yeye anamlisha wa watu hapa, na wake watu wanamlisha huko aliko. Anayepakua ni Mungu, sisi tunapitisha sahani tu. Neno lile nililipenda sana hata Jumapili iliyofuata, baada ya kile kipande cha reli kilichotumika kama kengele kugongwa, nikasimama mbele ya watu na kulihubiri kama langu. Nilihubiri vizuri. Wazee walitikisa vichwa. Mama Daudi aliketi safu ya nyuma pamoja na wanawake wenye watoto wachanga, akanisikiliza kwa makini kana kwamba ni jambo geni kwake.

Sasa nikitazama nyuma naona kiangazi cha mwaka ule kama ndoto ya mchana, ile ambayo mtu huota akiwa na homa. Upepo ulivuma kutwa. Vumbi lilining'inia hewani, jekundu, na jua likalichoma hata stesheni ikaonekana kuelea. Kinyasungwe ulikuwa mto wa mchanga mtupu, wanawake wakichimba visima vifupi katikati yake na kusubiri maji yajikusanye kidogo kidogo, wakipiga soga, na soga zao zilifika hadi kwetu kwa vipande, jina la mtu, kicheko, kisha upepo. Katika siku hizo kijiji kilipatwa na wizi wa mbuzi. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema wezi wanateremka kwenye treni kama abiria, na kila nyumba imhoji mtu asiyejulikana kabla hajaketi. Wazee waliguna. Mwenyekiti akanitazama mimi, akasema vijana wenye elimu ndio waonyeshe mfano. Nilijisikia mrefu.

Haikupita wiki. Ilikuwa alasiri, Mama Daudi yuko mtoni, Sechelela anatwanga nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari za wanafunzi wangu, naota habari za chuo. Kivuli kikaangukia miguu yangu. Nilipoinua macho nikaona mzee mwembamba, kanzu iliyofifia, koti la watu wa reli lililotoboka viwiko, kofia ya kufuma kichwani, na kifurushi kidogo mkononi. Ndevu zake zilikuwa zimejaa vumbi. Miguu yake sikuitazama. Akapiga hodi, akanisalimu kwa sauti nzuri ya watu wa mjini, kisha akatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja kitu anachokijua. Macho yake yalikwenda kwenye kigoda, yakaenda kwenye mtungi wa maji, yakarudi kwangu.

Sikusimama. Nikamwuliza, "Wewe ni nani, unatoka wapi, na unamtafuta nani hapa?"

Lile tabasamu likatoka taratibu, kama taa inayopunguzwa utambi. Hakukasirika. Alikitazama tena kile kigoda, akapandisha kifurushi begani.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nadhani nimekosea nyumba."

Akageuka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka uzio wa minyaa ukamficha. Nikajiambia kuwa mwenye nia njema hashindwi kujibu maswali matatu, na kwamba nimeokoa mbuzi wa mjane. Sechelela alitokea na mchi mkononi, akauliza nani alikuwa anabisha hodi. Nikamweleza. Akanitazama paji la uso, si macho, akasema, "Umemuuliza?" Hakutia mzaha wowote.

Wakati wa chakula nilisimulia tukio lile mwenyewe, nikijisifu kiasi. Mama Daudi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama mtu yule alikuwa amekula. Nikasema hapana. Tonge lilikuwa tayari vidoleni mwake, akalirudisha sahanini. Akainuka, akalichukua lile bakuli la mbao pamoja na ungo wake, akajitanda kaniki, akatoka. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo, ule mwanga wa zambarau wa nchi yetu baada ya jua kuzama, unaofanya vichaka vionekane kama watu wamechuchumaa. Tulisimama mlangoni tukamwona akifuata njia ya stesheni, anatembea haraka kwa goti lake bovu, bakuli limekumbatiwa kama mtoto. Treni ya kwenda chini ilikuwa imesimama. Ikapiga filimbi, ikaondoka. Baadaye tukamwona anarudi. Bakuli lilikuwa limefunikwa vile vile. Aliliweka mahali pake karibu na kigoda, akasema kwa Kigogo, siyo kwetu, maneno ambayo Sechelela hakukubali kunitafsiria. Asubuhi nilikula ugali ule na mlenda uliopoa. Sikuona tatizo. Nilikuwa kijana, na ulikuwa mtamu.

Siku nyingi zimepita nikijiuliza kama yeye alijua wakati ule. Sidhani. Alimhuzunikia mtu mwenye njaa, basi. Aliendelea kunipikia, kunikumbusha kuvaa sweta asubuhi, kusikiliza herufi nilizomfundisha kila jioni pamoja na wenzake. Alijifunza kuandika jina lake. Nilimwambia aandike jina lake kamili la ubatizo, lakini yeye aliandika Mama Daudi, herufi kubwa, zimelala kidogo upande mmoja, akaomba kipande kile cha ubao kisifutwe. Hakikufutwa. Kilikaa juu ya kihenge mpaka mwisho wa mwaka, na mwanga wa mlangoni ulipoingia wakati wa asubuhi, chaki ile iling'aa humo gizani.

Kisha mvua zikaja. Katika nchi ile mvua haiji kama jirani, huja kama mtu aliyetoka mbali na ana hasira. Kinyasungwe uliamka usingizini, ukajaa maji mekundu, ukachukua miti mizima, na pande zote mbili za Gulwe ukakata tuta la reli, ikawa treni iliyotoka chini haiendi mbele wala hairudi. Abiria walikwama. Stesheni ilijaa watu na masanduku, watoto wanalia, akina mama wa Gulwe wakawa wanakwenda na vyungu. Kwetu siku hizo ugali ulikuwa mkubwa na mchuzi ulikuwa mwepesi. Sechelela alisema mlenda wetu umekuwa maji matakatifu, unanyunyiziwa tu. Nyumba ilinuka nguo mbichi na udongo. Paa lilivuja kwenye kona ya kitanda changu, tone baada ya tone kwenye kibuyu, nikalala nikilisikiliza, nisijue ni saa inayohesabu au ni mtu anayetembea.

Jioni moja mvua ilipotulia, tumeketi jikoni sote watatu, ndio kwanza tumepakuliwa, mlango ukafanya giza. Alikuwa yule mzee. Koti lile lile, limelowa hadi nyuzi, kofia ile ile mkononi akiikamua. Alikuwa amepungua. Nilimtambua mara moja, naye akanitambua. Macho yake yalinigusa yakanipita kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaosali. Akapiga hodi. Mama Daudi akasimama, akasema, "Karibu, baba," akamnyooshea kigoda.

Sijui nieleze vipi utaratibu wa dakika zile. Kila kitu kilikwenda polepole na kwa uwazi, kama vitu vinavyoonekana chini ya maji ya kisima. Sechelela alileta maji ya moto kwenye bakuli, akamwagia mikononi. Mama Daudi akafunua ungo. Ugali ulikuwa bado na mvuke. Akatia mlenda, na kwa kuwa ilikuwa masika na mbuzi mmoja alikuwa amezaa, akaongeza maziwa kwenye kata. Akaviweka mbele yake, akakaa upande wa pili, mikono mapajani. Mzee akasema bismillahi kwa sauti ya chini. Akala tonge la kwanza. La pili. Alipofika la tatu machozi yalianza kumtoka, na hakuyafuta, aliendelea kula, yakimdondokea ndevuni na kuingia kwenye chakula. Alikuwa anatazama huku na huku: kigoda, mtungi, ungo, uso wa mwanamke aliyenyamaza mbele yake.

Na Mama Daudi alikuwa anamwona. Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa yule mama, na sijauona tena kwa mtu mwingine. Alikwisha kujua. Koti la reli, upande treni ilikotoka, machozi. Mama hahitaji zaidi ya hayo. Niliona vidole vyake vimekamata kaniki hadi vikabadilika rangi. Habari ya mwanawe ilikuwa pale, umbali wa mkono, ndani ya kinywa cha mtu anayetafuna, naye angeweza kuitoa kwa neno moja. Hakusema neno hilo. Mzee aliposita, kama anayetaka kuanza kusema, yeye alimsogezea kata ya maziwa. "Maliza kwanza, baba," akamwambia. "Umetoka mbali." Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Mzee alimaliza. Alikusanya makombo ya mwisho kwa kidole, akanywa maziwa, akashukuru. Sechelela akamnawisha.

"Haya, mgeni wetu," akasema Mama Daudi. "Unatoka wapi?"

Jina lake lilikuwa Athumani. Alifanya kazi reli maisha yake yote, na alipostaafu alibaki Kilosa akiuza kahawa. Alisema siku moja ya mvua, yeye na mkewe walimkuta kijana wa Kigogo barazani pa msikiti, anakohoa, ameondolewa kazini kwenye mkonge kwa sababu ya kifua. Mkewe alimleta ndani, akampa uji, hakumuuliza kitu. Kijana alipomaliza uji akalia, akasema sasa najua mama yangu bado anapika. Hawakuelewa maana yake. Akakaa kwao kama mtoto wao, muda mrefu, nafuu inakuja na kuondoka. Alipozidiwa alimwomba Athumani apande treni akamwite mama yake.

"Alinielekeza hivi," akasema Athumani. "Ukifika Gulwe watakuonyesha kina Mama Daudi watatu au wanne, usihangaike kuuliza sana. Ingia kila nyumba. Ile watakayokupa chakula kabla hawajakuuliza jina, hiyo ndiyo kwetu."

Mlango, mtungi, ungo, vyote vilikuwa mahali pake. Mimi tu nilikuwa sipo mahali popote.

"Ulikuja?" akauliza Mama Daudi.

"Nilikuja, mama. Wakati wa kiangazi. Alikuwa hai, anaongea vizuri, alikuwa anakutaja. Nilizunguka nyumba za watu mpaka treni ikapiga filimbi. Nikarudi nikamwambia sikuipata. Akasema haiwezekani, nirudi tena. Kisha mimi mwenyewe nikaugua, halafu..." Akafungua kifurushi chake. Ndani kulikuwa na shati lililopigwa pasi. "Tumemzika na watu wa kanisa lake walikuwepo. Mimi nilishika jeneza upande wa kichwa."

Alilipokea shati, akaliweka mapajani, akalilainisha kwa kiganja, mara nyingi, kama anapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Sechelela alikuwa ameuegemea ukuta na kujifunika uso. Mama Daudi akauliza, bila kuinua macho, kama nyumba hii hakuiingia safari ile ya kwanza, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na stesheni.

Yule mzee alikuwa na haki yote ya kunyoosha kidole. Alikuja nchi ya watu na habari ya mtoto wao mgongoni, nikamnyima maji. Akanitazama. Kisha akasema, "Macho yangu si mazima siku hizi, mama. Niliipita."

Hakika mzee alijua kwamba Mama Daudi haamini. Mama alikuwa amelibeba bakuli lile hadi stesheni kwa miguu yake. Huenda alikuwa amesimama kando ya behewa ambalo mtu huyu alikuwa amekaa ndani yake. Akainua macho, akanitazama mimi, na nilijua kwamba sasa ataniuliza, na kwamba nitajibu, na baada ya hapo nitachukua sanduku langu niondoke kwenye mvua. Nilikuwa tayari. Nilitamani. Lakini macho yake yalishuka kwenye sahani yangu, ambayo tangu mgeni aingie sikuigusa.

"Mwalimu," akasema, "hujala."

Nikala. Ugali ulikuwa umepoa, umekuwa mgumu, na kila tonge lilishuka kama jiwe. Nilimaliza kwa sababu niliijua desturi: nikimaliza, ataniuliza. Nilikusanya makombo kwa kidole kama nilivyomwona Athumani akifanya. Nikaweka sahani chini, nikangoja. Mama Daudi aliichukua, akaisuuza, akaigeuza ukutani ikauke. Hakuuliza. Hakuuliza siku ile, wala Athumani alipoondoka baada ya tuta la reli kutengenezwa, akiwa amefungiwa karanga za mkewe, wala asubuhi yoyote nyingine, nilipokuwa nasikiliza ukutani maombi yake na kusikia jina la Daudi bado likitajwa, na baada yake, sasa, jina langu. Kigoda kilibaki mlangoni. Fungu liliendelea kuwekwa. Mwaka ulipokwisha niliitwa chuoni, akanifungia unga wa uwele, akanisindikiza hadi stesheni, na sikurudi tena akiwa hai. Nilituma salamu. Nilisema nitakuja Krismasi, nitakuja baada ya mavuno. Labda Sechelela angeniita tena Mwalimu Paji, lakini niliogopa kwamba angeniita kitu kingine.

Kwa miaka mingi nilidhani kimya kile kilikuwa adhabu, na niliibeba. Nilipozeeka kidogo nikaona kwamba kilikuwa msamaha, nikatubu kwa kutoushukuru. Siku hizi, nikikaa ndani ya geti langu la chuma pale Mkonze, na kengele ya mlangoni inapolia na wajukuu wanapaza sauti wakiuliza nani, nawaza jambo jingine. Mgeni haulizwi kabla hajala. Labda kwa hesabu yake nilikuwa bado sijashiba. Labda alikuwa ananipakulia mpaka siku ambayo ningeweza kujibu.

Nilimaliza sahani yangu chini ya turubai. Jua lilikuwa limeshuka, na kule ng'ambo treni mpya ilipita bila moshi na bila kusimama, ikatuacha na ule mwanga wa zambarau. Msichana wa kanga mbili alirudi na jagi, akaninawisha. Alikuwa na mdomo wa Sechelela, unaokaribia kucheka hata katika siku kama ile. Akageuza ndoo tupu, akaketi mbele yangu, akapangusa mikono kwa kanga.

"Haya, babu," akasema. "Unatoka wapi?"

Nikamwambia, mjukuu wangu, sogea karibu. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.